Orodha ya Msaada ni Amana

Ndugu zetu wa Kibera na Kawangware,

Katika darsa yetu liliulizwa swali ambalo twaona halifai kuishia chumbani. Mtu aliyepewa kazi ya kuandika majina ya wenye kustahiki msaada wa Serikali, je, ana haki ya kumtanguliza jamaa yake aliye maskini? Kwani dini haituamrishi kuunga udugu?

Swali hili si la kubuni. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofunga riziki za watu, Serikali ya Kenya ilitangaza mwezi wa Mei mpango wa shilingi bilioni 53.7. Ndani yake zilikuwamo bilioni 3 za pembejeo kwa wakulima wadogo 200,000. Mitaani kwetu zilikuja fedha kwa baadhi ya nyumba, na Kazi Mtaani kwa vijana. Sasa, mkulima hujulikana kwa shamba lake; lakini mpangaji wa chumba cha mabati hujulikana kwa nini? Hujulikana kwa kauli ya mwenye kalamu. Hapo ndipo penye mtihani. Julai 2021, shirika la Human Rights Watch lilieleza kwamba katika mitaa ya maskini ya Nairobi baadhi ya wasimamizi waliwapendelea jamaa na rafiki zao, na wenye shida wakaachwa.

Jawabu letu ni hili. Kuunga udugu ni wajibu, lakini hutoka katika mfuko wako mwenyewe. Mali ya umma si yako. Wewe ni mchukuzi wake tu. Ndiyo maana zaka haikuachiwa matakwa ya mgawaji: katika Surat Tawba, aya ya 60, Mwenyezi Mungu mwenyewe amewataja wanaostahiki, aina nane. Na Sayyidna Umar alipoweka diwani ya kugawa mali, alimwandikia Usama bin Zayd fungu kubwa kuliko la Abdullahi, mwanawe wa kumzaa. Kalamu ilikuwa mkononi mwa baba, wala mwana hakupendelewa.

Huenda mtu akasema: "Jamaa yangu naye ana njaa." Twamwambia: basi na apimwe kwa kipimo wanachopimiwa majirani, na mpimaji asiwe wewe.

Wala tusiwanyoshee wengine kidole tukajisahau. Aprili 2020 watu walikanyagana Kibera wakigombea chakula cha msaada, wakaumia. Wiki mbili baadaye ikaingia Ramadhani, nasi tukaandika orodha yetu ya futari. Majina ya mwanzo yalikuwa ya wanaohudhuria darsa. Mjane mmoja jirani, asiyekuja darsani, tulimkumbuka unga ulipokwisha. Hatukuiba, tuliwaandika tuwajuao. Lakini yule mama alilala njaa vile vile.

Tangu hapo twaona yapasa mambo matatu. Orodha iandikwe na watu watatu wasio wa nyumba moja. Kipimo kitangazwe hadharani, lakini majina ya maskini yasitiriwe. Na katika mali ya Serikali, asiulizwe mtu dini yake wala kabila lake, bali haja yake.

Msaada mwingine utakuja, na kalamu itarudi mikononi mwa mmoja wetu. Twamwomba Mwenyezi Mungu amjaalie mtu huyo kukumbuka kwamba naye ataandikwa.

Wallahu aalam.