Jina la Chuo na Mizani ya Haki

Kijana wetu wa Lushoto anayesoma biashara akitaka kuhama chuo, sisi wazazi na washarika huuliza kwanza: kipi kina jina? Bwana Yesu, katika Luka 14, alianza na gharama za mnara. Basi tuhesabu: chuo kinatambuliwa na TCU? Masomo aliyofaulu yatapokelewa, au ataanza upya mwaka wa kwanza? Kama kuanza upya kutawanyima wadogo zake ada, jina hilo limenunuliwa kwa haki ya nani? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Hata hivyo, si kila faida huandikwa daftarini. Mwaka 2007 Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ilifungua chuo Magamba kwa jina la Askofu Sebastian Kolowa, kikafundisha walimu wa watoto wenye ulemavu, kazi isiyo na utajiri. Mfanyabiashara naye anao wito: kumlipa mkulima wa viazi kwa mizani ya haki, si kwa lumbesa. Kwa hiyo, kabla ya jina la chuo, tumwulize kijana wetu atakuwa mtu gani sokoni. Akilijua hilo, hata chuo kidogo kitamtosha. Asipolijua, kikubwa hakitamsaidia.