Siri ya Mgonjwa

JUMATANO

Soma Marko 5:35-43. Kwa nini Yesu aliwatoa watu nje kabla ya kumshika mkono binti Yairo?

Nyumba ya Yairo ilikuwa imejaa makelele ya waombolezaji. Yesu akawatoa wote, akabaki na wazazi wa mtoto na wanafunzi watatu. Aliyelala mle ndani alikuwa msichana wa miaka 12, na Bwana hakukubali ageuzwe kuwa tamasha. Alipokwisha kumwinua aliagiza jambo lile lisitangazwe, kisha akasema apewe chakula.

Agizo kama hilo ni gumu kulishika mahali ambapo kila mtu anamjua mwenzake. Fikiria mama wa kijiji kimoja cha Bonde la Rukwa. Zahanati iko jirani, lakini kila mara anapanda milima hadi Sumbawanga kuchukua dawa za kufubaza Virusi vya UKIMWI, kwa sababu mhudumu wa zahanati anaimba naye kwaya. Nauli ni debe la mahindi aliloliuza. Mwezi ambao debe halipo, dawa hukatika. Hakuna aliyemfukuza kwenye zahanati ile. Anachoogopa ni midomo.

Tena Ufipa midomo ina hatari nyingine. Wenyeji hueleza kwamba jina Sumbawanga maana yake ni kutupa uchawi, na bado ziko familia ambazo mtu akiugua muda mrefu huuliza kwanza ni nani aliyemroga. Siri ikivuja, haidhuriki nafsi ya mgonjwa peke yake. Bibi kizee wa nyumba ya pili anaweza kunyooshewa kidole.

Sheria ya nchi imeliona jambo hili. Sheria ya UKIMWI (Kuzuia na Kudhibiti) ya mwaka 2008 inasema majibu ya kipimo ni siri na hupewa yule aliyepimwa. Wengine waliotajwa ni wachache: mzazi au mlezi wa mtoto, mwenzi au mlezi wa asiyeweza kuelewa, mwenzi wa aliyepimwa, na mahakama. Mzee wa kanisa hayumo katika orodha hiyo, wala kiongozi wa maombi.

Soma Walawi 19:16. Ni makatazo gani mawili yaliyowekwa pamoja katika fungu hili?

Fungu linakataza kuzunguka na habari za watu, na papo hapo linakataza kuihatarisha damu ya jirani. Muuguzi Mkristo hukutana na yote mawili siku moja. Mume amepima, ana virusi, naye anasema mkewe asijue. Muuguzi akinyamaza tu, damu ya mke iko hatarini. Akienda kumnong’oneza mke kisimani, amekuwa mchongezi. Sheria hiyohiyo ya 2008 inamtaka mwenye virusi amjulishe mwenzi wake mara moja, kwa hiyo mzigo wa kwanza ni wa mume. Muuguzi aongee naye faraghani, kama Mathayo 18:15 inavyoelekeza kwa habari ya ndugu aliyekosa. Amwombe amlete mkewe wapime pamoja, ajitolee kuwapo chumbani wakati wa kusema. Akikataa kabisa, jambo lipelekwe kwa mganga mfawidhi, lifuate utaratibu wa tiba. Lisipelekwe kwa mchungaji. Mke ana haki ya kujua kwa sababu uhai wake umo ndani ya jambo hilo, kwaya haina.

Na hapa kanisa lijichunguze. Siri nyingi za wagonjwa hazitoki hospitalini. Hutoka kwenye kipindi cha maombi, pale mtu anaposimama na kuomba dada fulani akumbukwe kwa “ugonjwa ule”, na washiriki wote wanatazamana. Maneno hayo husemwa kwa upendo, na mara nyingi kwa machozi. Lakini dada yule hakuulizwa kama anaridhia. Mungu amjua kwa jina na kwa ugonjwa. Anayehitaji kuelezwa ni mkutano, nao huomba vizuri tu bila kuelezwa.

Kwa majadiliano ya darasa: Mgonjwa amemsihi mzee wa kanisa asiutaje ugonjwa wake. Siku ya Sabato mshiriki anamuuliza mzee mbele ya watu, “Mama yule anaumwa nini hasa?” Mzee amjibuje asiivunje siri, wala asiseme uongo?