Kuonja Tu

Mwaka mmoja usharika wetu ulipokea wageni sita kutoka Marekani, watu wa kanisa kama sisi. Mmoja wao alitoka jimbo la Kentucky, mzee mcheshi ambaye hakuchoka kuuliza maswali. Mimi, nikiwa mzee wa kanisa, nilipewa kazi ya kuwatembeza huku milimani Usambara. Garini, tukipanda kutoka Mombo, mgeni huyo alinieleza kwamba kwao watu hufunga safari ya siku mbili tatu wakienda kiwanda hadi kiwanda kuonja wiski iitwayo bourbon. Tangu 1999 chama cha wenye viwanda kimeipa safari hiyo jina na njia yake. Nilicheka aliponiambia kwamba kwa sheria yao nafaka ya bourbon lazima iwe mahindi, si chini ya asilimia 51. Mahindi haya haya ya ugali! Kisha hulazwa katika mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa kwa ndani, na humo ndimo hupata rangi na ladha yake.

Akaniuliza, "Na ninyi huku mna nini cha kuonja?"

Nilipofikiri niliona tunavyo vingi. Irente, karibu na mji wa Lushoto, kanisa letu lina shamba linalotoa jibini, mkate, jemu na juisi. Sakharani, upande wa Soni, watawa Wabenediktini hutengeneza divai. Na vijijini kuna boha, pombe ya miwa, ambayo wazee wetu waliinywa tangu kabla wamisionari wa Betheli hawajafika Mlalo mwaka 1891. Basi tukapanga siku yetu: asubuhi Irente, mchana Sakharani, jioni kijijini.

Pamoja nasi alikuwapo kijana mmoja wa kwaya, aliyekuja kusaidia kubeba mizigo. Kijana huyo alikuwa ameacha pombe karibu mwaka mzima. Kwaya nzima ilijua. Mimi nilijua zaidi ya wengine, kwa sababu nilikuwa nimepiga magoti pamoja naye siku alipoamua kuacha.

Jioni mama mwenye nyumba alituletea boha. Wageni walionja, wakakunja nyuso, wakacheka. Kikombe kilipomfikia kijana, akasita. Niliona akisita. Lakini niliona pia uso wa mama aliyetukaribisha, na macho ya wageni, nikaogopa ionekane tunadharau ukarimu. Nikamwambia, "Onja tu, mwanangu." Akaonja.

Jumapili tatu hakuonekana kwaya. Nilipokwenda kwao nilimkuta ameketi nje, macho mekundu. Hakunilaumu. Alisema tu, "Baba, wewe ukionja umemaliza. Mimi nikionja ndiyo nimeanza."

Tangu siku ile nimejiuliza: je, nilitenda dhambi? Na kama nilitenda, dhambi yenyewe ilikuwa ipi?

Wako ndugu watakaojibu haraka kwamba dhambi ilikuwa pombe yenyewe. Nawaheshimu, na sababu wanazo. Methali 20:1 inatuonya kwamba kileo humdhihaki anayekifuata. Majirani zetu wengi hapa Lushoto ni Waislamu, na dini yao imewafungia mlango huo kabisa. Nyumba nyingi zimepata amani kwa njia hiyo. Gongo hupikwa kwa njia ile ile ya wiski, yaani pombe huchemshwa na mvuke wake hupozwa, lakini hakuna wa kuipima. Ikiingia methanoli hupofusha macho na kuua. Viroba navyo tuliviona vikiuzwa kwa bei ambayo hata mtoto wa shule aliimudu, hadi serikali ilipovipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017.

Hata hivyo siwezi kusema kwamba kinywaji chenyewe ndicho dhambi. Bwana wetu alikuwapo arusini Kana, na divai ilipokwisha hakuwaambia watu waende nyumbani. Paulo alimshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Na yule mama wa boha, ambaye ni rahisi kumhukumu, analipia mahitaji ya shule ya watoto wake kwa mtungi ule. Atakayemwambia avunje mtungi, na amwambie pia ale nini.

Basi kosa langu lilikuwa wapi? Nadhani lilikuwa katika lile neno dogo "tu". Nilichukua kipimo changu nikampimia mwenzangu. Kwangu mimi kuonja ni jambo dogo kweli: namezea mate, naweka kikombe chini, nasahau. Nikadhani kwamba kwa kuwa ni dogo kwangu, ni dogo lenyewe.

Katika Kanuni aliyowaandikia watawa wake karne ya 6, Mtakatifu Benedikto ana sura moja, ya 40, juu ya kiasi cha kinywaji. Anakiri humo kwamba anaona shida kuwapangia watu wengine kipimo. Akiwafikiria walio dhaifu, anaruhusu kipimo kimoja kidogo cha divai kwa siku, na anasema kwamba aliyepewa na Mungu nguvu ya kujizuia atapata thawabu yake. Mtu huyo alikuwa mkuu wa nyumba, mwenye haki ya kuamuru, naye alisita. Mimi sikusita hata kidogo.

Paulo naye, katika 1 Wakorintho 8, aliulizwa habari za nyama zilizotolewa kwa sanamu. Alikubali kwamba sanamu si kitu na kwamba chakula hakitusogezi wala hakitutengi na Mungu. Hakuishia hapo. Aliuliza ni nani anayekuona ukila, na kula kwako kutamfanya nini. Mizani yake ni ndugu aliyeketi karibu nawe.

Mtu anaweza kunipinga: je, kila jambo sasa liongozwe na aliye dhaifu? Wageni wale wasingeonja kitu? Sisemi hivyo. Wageni hawakukosea, hawakumjua kijana yule. Mimi nilimjua. Ninavyoelewa, deni la upendo linakua kadiri ya tunavyofahamiana. Ndiyo maana katika usharika, mahali tunapojuana kwa majina na kwa machozi, hatuwezi kusema "kila mtu na kinywa chake."

Wala kupiga marufuku peke yake hakutoshi. Gongo imekatazwa kwa sheria miaka mingi na bado inapikwa mabondeni. Sheria huweza kufunga duka, lakini haiketi na mtu saa mbili usiku kiu inapomshika. Kazi hiyo ni yetu.

Nilimwomba kijana msamaha, mbele ya viongozi wa kwaya, kwa sababu nilimkosea mbele ya watu. Alinisamehe. Amerudi kuimba. Tangu wakati huo ameanguka mara moja, na alinipigia simu usiku ule ule, nami nilimshukuru Mungu kwa simu hiyo kuliko kwa miezi yote aliyokuwa amesimama.

Siku moja aliniuliza jambo ambalo sikuwa nimeliwaza: "Baba, na kikombe cha Bwana je?" Kwa miezi alikuwa akiogopa Meza ya Bwana kwa sababu ya divai, na hakuthubutu kumwambia mtu. Nilimpeleka kwa mchungaji, naye alimsikiliza bila haraka, kisha akalileta jambo hilo kwenye baraza la wazee bila kutaja jina. Sasa kwetu, siku ya Chakula cha Bwana, trei moja huwa na vikombe vya maji ya zabibu yasiyochachuka. Wapo wanaochukua humo kila mara. Tulikubaliana kwamba hakuna atakayeulizwa sababu.