Mbwa wa Ploti Anadai Nini?

Uliza mtu yeyote Mamboleo mbwa wa ploti ni wa nani. Atakujibu: wa ploti. Maana yake hana mwenyewe. Landilodi anataka abweke, wapangaji wanamtupia mifupa, na chanjo ikitajwa kila mtu anaangalia simu yake.

Sasa fikiria mnyoo wa moyo. Unaenezwa na mbu, na mbu huku kando ya ziwa hatuagizi kutoka nje. Anafyonza vibuu kwa mbwa mgonjwa, anampelekea mwingine. Vinachukua kama miezi sita kukomaa, kisha minyoo inakaa kwenye mishipa ya kutoka moyoni kwenda mapafuni. Jike hufika sentimita 30. Muda huo wote mbwa anakula na kubweka kama kawaida. Kikohozi na uchovu huja baadaye, na hawezi kukuambia anaumwa wapi.

Kupima ni damu kidogo tu: kipimo kinachotafuta protini za mnyoo jike, pamoja na hadubini ya kutafuta vibuu. Hadubini peke yake inaweza kukuchanganya, kwa sababu mbwa hubeba minyoo mingine ya ukoo huo. Mmoja una jina la kwetu kabisa, Brugia patei, kutokana na kisiwa cha Pate kule Lamu. Buckley, Nelson na Heisch waliueleza mwaka 1958. Kinga ni dawa ya kila mwezi, mara nyingi ivermectin. Tiba ya minyoo iliyokomaa ni sindano zenye aseniki, na mbwa asikimbie kwa wiki kadhaa, maana minyoo iliyokufa huziba mishipa. Haya, mwambie mbwa wa ploti atulie.

Nilipotaja mchango, jirani aliuliza: "Watoto wanakosa dawa ya malaria, na nyinyi mnachangia mbwa?"

Si swali la kipuuzi. Wengine hulijibu kwa historia: ivermectin ilianza kama dawa ya mifugo, na tangu 1987 imegawiwa watu bure kuzuia upofu wa mtoni, Satoshi Ōmura na William Campbell wakapata Nobel mwaka 2015. Hadithi tamu, lakini jibu hilo silipendi. Linasema mbwa ana thamani kwa sababu alitufaa. Na siku asipotufaa?

Mimi naanzia kwenye neti. Usiku tunafunga mlango, tunaishusha, tunalala. Mbu aliyekosa mlango kwetu anampata yule tuliyemwacha nje atulinde. Soja wa kibinadamu angedai koti na buti. Kwa hivyo deni halitokani na kupenda mbwa (mimi siwapendi hivyo), linatokana na kumweka pale.

Kama kweli pesa ni za mmoja tu, mtoto kwanza, hakuna mjadala. Lakini mtoto anaweza kutudai sisi, kaunti na serikali nzima. Mbwa ana milango yetu kumi na miwili tu, na wiki hiyohiyo milango hiyo ilichangia spika ya sherehe bila mtu kuuliza habari za malaria.