Insentivu ya Nani?

Hapa Kakuma neno "insentivu" kila mtu analijua, hata bibi ambaye hajaingia darasani siku moja. Ni ile pesa ndogo ambayo mkimbizi anayefanya kazi kwenye shirika anapewa mwisho wa mwezi. Mwalimu wa shule ya msingi anapokea insentivu, mkalimani wa kliniki vilevile, na mimi ninayefanya kazi na vijana vilevile. Haiitwi mshahara. Tunaelezwa kwamba mkimbizi mara nyingi hana kibali cha kazi, tena anapewa chakula na mahali pa kulala, kwa hiyo hii ni ya kumtia moyo tu. Unafanya kazi saa zilezile na mwenzako mwenyeji. Yeye analipwa, wewe unatiwa moyo.

Sasa, tulipokuwa tunatayarisha mdahalo wa Jumamosi na vijana wangu, tulichagua swali hili: je, ni haki mji kusamehe kampuni kubwa kodi ili ije kujenga hapo? Katika kusoma tukakuta kwamba huko Marekani jambo hilo nalo linaitwa insentivu. Mji unaiahidi kampuni kwamba haitalipa kodi fulani kwa miaka mingi, na pengine unaiongezea pesa taslimu juu. Yaani neno ni moja. Mwalimu wa bloku yetu anatiwa moyo kwa shilingi elfu kadhaa, na tajiri anatiwa moyo kwa mabilioni ya dola. Vijana walicheka sana. Mimi nilicheka pia, lakini swali halijanitoka kichwani, ndiyo maana naliandika hapa.

Nitaanza na hadithi inayojulikana zaidi. Septemba 2017 Amazon, ambayo tayari ilikuwa kati ya kampuni kubwa kabisa duniani, ilitangaza kwamba inatafuta mji wa kujenga makao makuu ya pili. Ilisema kazi zitafika 50,000. Miji ikakimbilia. Maombi 238 yalifika, kutoka Marekani, Kanada na Mexico. Mji mdogo wa Stonecrest, jimbo la Georgia, ulisema uko tayari kukata kipande cha ardhi yake na kukiita Amazon. Gavana wa New York, Andrew Cuomo, alitania kwamba atabadilisha jina aitwe Amazon Cuomo. Wakubwa wa New Jersey waliweka mezani dola bilioni 7 kwa ajili ya mji wa Newark. Maryland ilipanda mpaka bilioni 8.5.

Novemba 2018 kampuni ikachagua sehemu mbili: Arlington huko Virginia, na Long Island City, mtaa wa Queens, New York. Kila mahali iliahidi kazi 25,000. New York ilikuwa imeahidi karibu dola bilioni 3. Hapo ndipo watu wakaanza kubishana kweli.

Ukiwasikiliza, ni kama wanagombana kwa methali zetu mbili. Upande mmoja unasema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Gavana Cuomo na meya Bill de Blasio walisema mgeni huyu ataleta kodi ya dola bilioni 27 kwa miaka 25, kwa hiyo kumsamehe bilioni 3 si hasara. Tena walisema jambo ambalo vijana wangu wengi hawakulifikiria: sehemu kubwa ya hizo bilioni 3 haikuwa pesa iliyokaa kwenye sanduku ikingoja kugawiwa shule au hospitali. Ilikuwa kodi ya kesho. Kampuni isipokuja, hakuna cha kusamehe. Hoja hiyo ina uzito, tusiipite haraka.

Upande wa pili unasema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Seneta wa jimbo Michael Gianaris na mbunge Alexandria Ocasio-Cortez walikuwa upande huo. Waliuliza kwa nini tajiri apewe msaada wakati treni za mji zimechakaa na kodi za nyumba zinapanda. Karibu na pale paliposemwa patajengwa kuna Queensbridge, nyumba za serikali wanakoishi maelfu ya watu wa kipato kidogo. Hata humo watu waligawanyika. Wengine waliogopa kusukumwa nje na kodi za nyumba, wengine, pamoja na viongozi wa wapangaji, walisema watoto wetu wanataka kazi, acheni ije. Kura za maoni zilionyesha kwamba wengi New York walikuwa wanakubali. Lakini kelele zilikuwa kubwa, na tarehe 14 Februari 2019 Amazon ikasema basi, hatuji tena.

Sasa nauliza: ile insentivu ndiyo inayomleta mgeni? Angalia, Newark iko karibu kabisa na New York, ni mwendo mfupi wa treni, na iliahidi zaidi ya mara mbili. Haikuchaguliwa. Maryland inapakana na Virginia. Nayo haikuchaguliwa. Kampuni ilienda mahali penye wafanyakazi iliowataka. Na baada ya kukataa, Desemba 2019 ileile, Amazon ilikodi ofisi Hudson Yards, Manhattan, kwa watu zaidi ya 1,500, bila ule msamaha maalum. Mchumi mmoja, Timothy Bartik, alikusanya tafiti nyingi za jambo hili mwaka 2018. Aliona kwamba insentivu ndiyo iliyogeuza uamuzi wa kampuni kati ya asilimia 2 na 25 ya safari. Zilizobaki zingekuja tu, au zingebaki tu. Wamelipwa kwa jambo ambalo wangelifanya bure.

Basi kwa nini mameya wanaendelea kutoa? Sidhani ni wajinga. Sisi tunawaelewa vizuri kuliko watu wengi, kwa sababu ya siku ya mgao. Unajua inavyokuwa. Familia inataka sabuni au dawa ya mtoto, kwa hiyo inauza sehemu ya unga. Mnunuzi anasimama pale na mizani yake, hana haraka. Wewe unataja bei, yeye anamtazama jirani yako. Jirani anashusha. Wewe unashusha zaidi. Kila mmoja wenu ana akili timamu, na kila mmoja ana shida ya kweli, na wote mnarudi nyumbani mmeuza kwa hasara. Mnunuzi hakutumia nguvu wala uongo. Alitumia woga wenu kwamba mwingine atauza kwanza. Miji 238 ilikuwa kwenye foleni hiyo.

Ila kuna hadithi ya pili ambayo iliniumiza zaidi. Mwaka 2017 kampuni ya Foxconn ya Taiwan iliahidi kiwanda kikubwa cha vioo vya televisheni Mount Pleasant, mji mdogo wa Wisconsin. Kazi 13,000, dola bilioni 10 za kujenga. Jimbo likaahidi karibu bilioni 3, na mji mdogo nao ukaingia madeni makubwa kununua ardhi, kutengeneza barabara na kuvuta maji. Kwenye ardhi ile kulikuwa na watu. Mwaka 2018 halmashauri ya mji ilipiga kura kutangaza kwamba eneo lao ni eneo lililooza, neno la kisheria linalorahisisha kuchukua mali ya mtu. Nyumba nyingine zilikuwa bado mpya. Watu wakauza, wachache wakabisha, nyumba zikabomolewa. Mwaka 2021 mkataba ukaandikwa upya: kazi 1,454, na msamaha wa dola milioni 80. Nitasema haki: jimbo liliweka sharti kwamba pesa zitoke baada ya kazi kuonekana, kwa hiyo zile bilioni 3 hazikutoka. Na baadaye Microsoft imekuja kujenga kwenye ardhi ileile. Lakini nyumba iliyobomolewa haina kifungu cha kurudishwa.

Sisi tunaosoma jarida hili tunajua maana ya mtu kukuambia hapa si pako tena. Waliotutoa kwetu walikuwa na bunduki, na wale wa Mount Pleasant walilipwa, sitaki kulinganisha mateso. Nataka kuonyesha tu nani alibaki na nguvu ya kuchagua. Kampuni inahama kwa kutishia. Sisi tulihama kwa kutishiwa. Yenyewe ikisema "nitaondoka", mji unatetemeka na kupunguza bei. Mama anayeuza ndagala pale sokoni akisema "nitaondoka", nani atatetemeka? Yeye analipia leseni ya biashara kwa kaunti, kwa sababu hana pengine pa kwenda.

Hapo ndipo naona ubaya wenyewe. Kusamehe kodi si dhambi. Tunasamehe mlemavu, tunasamehe anayeanza, tunasamehe aliyeunguliwa na duka. Tunamsamehe kwa sababu ya hali yake. Lakini kumsamehe mtu kwa sababu tu anaweza kuondoka, hiyo si huruma wala si zawadi. Ni kumlipa mwenye nguvu kwa ajili ya nguvu zake, na bili inapelekwa kwa yule asiyeweza kutoka.

Kijana mmoja wa kikundi changu alisimama akaniuliza, "Kaka, na kiwanda kikiletwa hapa Kakuma, utakikataa?" Watu wakapiga makofi, na walikuwa na haki. Mimi kila siku nakaa na vijana waliomaliza fom foo na hawana la kufanya. Siwezi kuwaambia wakatae kazi kwa sababu ya falsafa. Kenya yenyewe ina maeneo ya viwanda vya kuuza nje, kwa sheria ya mwaka 1990, ambako kampuni inasamehewa kodi ya mapato miaka 10. Waliopata kazi humo wanakula.

Jibu langu lilikuwa hili. Kije. Lakini kabla ya kukisamehe, mkubwa anayesamehe aende sokoni akae kwenye benchi la yule mama wa ndagala, amwambie kwa mdomo wake: "Mama, wewe utalipa, huyu hatalipa, na sababu ni hii." Kama sababu ni kwamba kiwanda kitamchukua mwanao kazini, kimeandikwa watu wangapi na mwaka gani, na kisipotimiza kitalipa kama wengine, mama anaweza kusema sawa. Kama sababu ni kwamba huyu ni mkubwa na tukimkasirisha ataenda kwingine, mama atanyamaza, na sote tutajua alichonyamazia.

Ripoti ya IFC, shirika la Benki ya Dunia, ilihesabu mwaka 2018 kwamba Kakuma, kambi na mji pamoja, ina maduka zaidi ya 2,000 na uchumi wa dola milioni 56 kwa mwaka. Wengi waliofungua maduka hayo walianza na gunia moja au debe moja, na hakuna mji ulioshindana kuwapata. Jumamosi ijayo nimewapa vijana kazi: waende wawaulize kumi kati yao, kitu gani kidogo kikipunguzwa wangeweza kuajiri mtu mmoja zaidi. Tutaandika majibu na kuyapeleka kwa wakubwa wa kaunti.