Pango la Patmo

Soma Ufunuo 1:9-11. Yohana alifikaje Patmo?

Yohana hakwenda Patmo kuhiji. Alikuwa huko kwa ajili ya neno la Mungu na ushuhuda wa Yesu. Mapokeo ya kale husema alihamishwa na Kaisari Domitian.

Leo watu huenda kwa hiari. Kisiwa hicho cha Ugiriki hakina uwanja wa ndege, kwa hiyo mahujaji hufika kwa meli katika bandari ya Skala, kisha hupanda mlima hadi kwenye pango ambamo, kwa mapokeo, Yohana alipata maono. Huonyeshwa mahali alipolaza kichwa, na ufa wa mwambani wenye sehemu tatu ambamo sauti inasemekana ilitokea. Juu zaidi iko monasteri iliyoanzishwa mwaka 1088. Biblia haitaji pango lolote.

Hata hivyo, si vyema kuwadharau mahujaji hao. Wengine hufika na mzigo wa msiba au ugonjwa, na Yesu mwenyewe alipanda kwenda Yerusalemu pamoja na wazazi wake wakati wa sikukuu (Luka 2:41, 42). Safari yaweza kumtuliza mtu, hata akakisoma kitabu cha Ufunuo alichokuwa akikiogopa. Swali ni hili: anatarajia kumpata Mungu gani kule, asiyepatikana nyumbani kwake?

Linganisha Mwanzo 28:16-19 na Amosi 5:4-12.

Yakobo aliamka Betheli akiwa na hofu, akasimamisha jiwe. Karne nyingi baadaye watu walikuwa wangali wakienda Betheli na sadaka zao, huku wakimkanyaga maskini. Mungu akawaagiza wamtafute Yeye, wasiitafute Betheli. Jina la mahali lilikuwa lile lile.

Angalia tena agizo la Ufunuo 1:11. Yohana hakuambiwa ayaite makanisa saba yaje kisiwani. Aliambiwa aandike, ayapelekee. Naye Bwana atembeaye kati ya vinara vya taa (Ufunuo 2:1) alikuwa tayari Efeso, wakati mtumishi wake angali amezungukwa na maji.

Muumini mmoja amelala kitandani miaka mingi, hawezi hata kufika kanisani siku ya Sabato. Mwenzake amerudi kutoka Patmo na picha za pango. Amsimulieje safari hiyo, bila kumfanya mgonjwa ajione yuko mbali zaidi na Mungu?