Kuchora Kifo Usichokishuhudia

Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito walipigwa risasi porini huko Katanga. Baadaye miili yao ilifukuliwa na kuyeyushwa kwa asidi ili pasiwe na kaburi. Katika miaka ya 1970 Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Katanga hiyo hiyo, alichora kifo hicho: miili mitatu chini, misalaba mitatu nyuma, na damu ya Lumumba ikiandika ardhini neno la Kifaransa lenye maana ya umoja.

Hakuwapo. Je, basi alisema uongo? Mimi nakataa. Walioshuhudia ndio hao hao walioficha. Tukishikilia kwamba shahidi peke yake ana ruhusa ya kusema, tumewaachia wauaji neno la mwisho. Tena misalaba ile inakiri wazi kwamba hii si fotografia. Anayeitazama anajua amepewa wazo alipime.

Shida yangu iko kwingine. Picha za aina hii watu wa Lubumbashi waliziita ukumbusho, wakazitundika sebuleni, wazazi wakawasimulia watoto. Lakini mfululizo wake wa picha takribani 100, ambazo alimweleza mwanaanthropolojia Johannes Fabian kwa Kiswahili, ulinunuliwa na Fabian ukaishia Amsterdam. Bei ililipwa, na mchoraji naye anakula. Ila kijana wa Katanga anayetaka kuuona leo, lugha ya maelezo yake anayo. Picha zenyewe hana.